Chombo cha Mtoto Kiwe cha Kimo Chake

Likizo za shule zinapokaribia, ndugu zetu wa Visiwani waliohamia Dodoma kwa ajili ya kazi hukutana na swali moja, nasi tumeona swali hilo halina budi kujibiwa hadharani. Mtoto ana umri wa miaka minane, tisa au kumi. Nyumba ipo Nzuguni, Iyumbu au Ihumwa, na nje ya ua kuna uwanda mkubwa wa udongo wa kichanga, vichaka vya miiba na njia za ng'ombe. Mtoto aliyezoea vichochoro vya Ng'ambo na viwanja vya Michenzani anauona uwanda huo kila asubuhi, naye anataka chombo cha kuupita. Je, apewe chombo gani?

Watakuwapo watakaosema kwamba jambo hili si la tahariri, kwa kuwa ni anasa ya wenye nafasi, na kwamba gazeti la wananchi lingefaa lizungumzie bei ya unga na uhaba wa maji. Sisi hatukubaliani nao. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, limeeleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuwaua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 ulimwenguni kote, na kwamba katika mwaka 2021 pekee watu wapatao milioni 1.19 walipoteza maisha yao kwa ajali hizo. Chombo cha kwanza anachopewa mtoto ndicho kinachomfundisha namna atakavyoendesha vyombo vingine vyote maishani mwake. Wala si suala la wenye nafasi peke yao, kama tutakavyoonesha.

Ni vyema tuanze na desturi yetu wenyewe, kwa sababu hapo ndipo lilipo chimbuko la hatari. Sote tunaijua desturi ya kununua nguo za Idi. Mtoto hushonewa kanzu inayozidi vidole vya miguu, mama akaipinda upindo wa inchi tatu, na mwaka unaofuata upindo ukafunguliwa. Viatu navyo hununuliwa vikubwa, pamba ikatiwa mbele. Ukimwuliza mzazi atakujibu neno moja: atakulia. Kwa upande wa nguo desturi hii ni ya busara, maana mtoto hukua upesi kuliko mshahara. Lakini wazazi wengi huichukua desturi hiyo hiyo na kuipeleka dukani wanapokwenda kununua chombo cha kuendesha, na huko neno "atakulia" halina nafasi kabisa. Mtoto anapoteremka mteremko, breki asiyoweza kuifikia kwa vidole vyake leo haimfai kitu kwa kuwa ataifikia mwakani.

Siku hizi kosa hilo limekuja na injini. Katika mji wa Dodoma, ambao sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 765,179 kutoka 410,956 wa mwaka 2012, wameongezeka watu wenye kipato cha mshahara na wenye viwanja vipana, na wafanyabiashara hawakuchelewa kuliona soko hilo. Zimeingia pikipiki ndogo za petroli zilizopakwa rangi za kupendeza, na pikipiki za magurudumu manne zenye matairi mapana, mfano wa zile ambazo watalii huzipanda kule Kiwengwa na Nungwi. Mzazi wa Kisiwani aliyewaona wageni wakizipanda pwani, tena wakiongozwa na mtu mzima anayewatangulia, hudhani kwamba chombo chenye magurudumu manne hakiwezi kuanguka, na kwa hiyo ni salama kwa mtoto kuliko baiskeli yenye magurudumu mawili.

Dhana hiyo si ya kweli, na tunaomba wazazi wasome kwa makini sababu zake. Chombo cha aina hiyo ni kirefu kwenda juu na chembamba kwa upana, na katika nyingi ya hizo magurudumu mawili ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja inayozunguka kwa pamoja. Ili kikate kona pasipo kupinduka, mwendeshaji hana budi kuusogeza mwili wake upande huu na upande huu, na uzito wake uwe na maana mbele ya uzito wa chombo. Pikipiki ya magurudumu manne ya mtu mzima ina uzito wa kilo 200 hadi 300. Mtoto wa miaka kumi ana kilo 30, au hazifiki. Chombo kikipanda kichuguu kwa gurudumu moja, mtoto hana uzito wa kukirudisha chini. Na kikipinduka hakimtupi pembeni kama ifanyavyo baiskeli, bali humlalia kifuani. Hata zile ndogo zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto huwa na uzito unaozidi mara mbili au tatu ule wa mtoto aliyekaa juu yake.

Marekani walilipitia jambo hili kabla yetu, nasi hatuna haja ya kulirudia somo ambalo wenzetu wamekwisha kulilipia. Mwaka 1970 kampuni ya Honda ilianza kuuza huko pikipiki ya magurudumu matatu yenye matairi mapana yenye upepo mdogo, kwa ajili ya mchanga na theluji na mashamba. Watu waliipenda, na kampuni nyingine zikafuata. Wazazi waliwanunulia watoto. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 waliokufa na kulemaa walikuwa wengi, na wengi wao wakiwa watoto, hata Serikali ya nchi hiyo ikawapeleka watengenezaji mahakamani. Na mwaka 1988 wakakubali mbele ya mahakama kuacha kabisa kuuza mapya ya magurudumu matatu. Yale ya magurudumu manne yaliwekewa masharti ya umri: yenye injini inayozidi sentimita za ujazo 90 yasiuzwe kwa matumizi ya mtu aliye chini ya miaka 16. Chama cha madaktari wa watoto cha nchi hiyo hakikuridhika na masharti hayo, na msimamo wake ni kwamba aliye chini ya miaka 16 asiendeshe chombo hicho hata kidogo, kiwe kikubwa au kidogo. Hao ni madaktari wa nchi tajiri, yenye magari ya wagonjwa na vyumba vya upasuaji kila pembe, wala hawakusema kwamba watoto wao watatibiwa.

Tukitoka mjini tukaenda Bahi, Mpwapwa, Chamwino au Kongwa, tunalikuta tatizo hili limevaa nguo nyingine. Huko hakuna aliyemnunulia mtoto pikipiki ya kuchezea. Ila tangu pikipiki ziliporuhusiwa rasmi kubeba abiria kwa kanuni za mwaka 2010, karibu kila ukoo una pikipiki moja, na pikipiki hiyo hailali. Baba akirudi, mvulana wa darasa la sita huichukua kwenda kisimani, akafunga madumu ya maji nyuma, akapita njia za ng'ombe kwa kuwa barabarani kuna askari. Tumewaona wavulana ambao hawafiki chini kwa miguu yote miwili. Akitaka kusimama hutafuta jiwe au kichuguu cha kukanyaga. Huyu naye amepewa chombo atakachokikulia. Mtoto wa mkulima na mtoto wa ofisa wanakutana hapo, na ndiyo maana tumesema hili si suala la anasa.

Wako wanaojitetea kwa kusema kwamba uwandani si barabarani, na kwa hiyo sheria haiwahusu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 kwa upande wa Bara, na Sheria ya Usafiri Barabarani ya mwaka 2003 kwa upande wa Zanzibar, zote mbili zinamtaka anayeendesha chombo chenye injini awe na leseni, na mtoto wa shule ya msingi hana leseni. Lakini tuiache sheria kidogo tuangalie ardhi yenyewe. Ni uwanda gani wa Dodoma ambao mtoto ataufikia bila ya kuvuka barabara? Upande mmoja inapita barabara kuu iendayo Morogoro, upande mwingine ile ya Singida, kwingine ile ya Iringa na ile ya Arusha kupitia Kondoa. Na katikati hupita malori ya mchanga na ya kokoto ambayo hayana saa ya kupumzika tangu ujenzi wa Mji wa Serikali ulipoanza pale Mtumba. Mtoto mwenye injini hufika barabarani kabla akili yake haijafika. Mtoto wa umri huo bado hajaweza kukadiria vyema mwendo wa gari linalomjia. Hilo si utovu wa adabu, ni umri.

Jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui ni mifupa. Mfupa wa mtoto hukua kutoka sehemu laini zilizo karibu na ncha zake. Sehemu hiyo ikipondwa, mguu au mkono unaweza ukaacha kukua sawasawa na mwenzake, na mtoto akaja kuwa mtu mzima mwenye mguu mmoja mfupi kwa ajali aliyoipata akiwa na miaka tisa. Ndiyo sababu daktari hulitazama jeraha la mtoto kwa wasiwasi kuliko la baba yake.

Tukisema haya hatuna maana kwamba mtoto afungiwe ndani. Kwanza, hawezi kufungiwa. Pili, mtoto asiyejifunza kuanguka kidogo akiwa mdogo huja kuanguka kwa kishindo akiwa mkubwa. Wazee wetu wa pande zote mbili walilijua jambo hili vizuri. Mtoto wa Kigogo hakabidhiwi kundi la ng'ombe siku ya kwanza. Huanza na ndama na vitoto vya mbuzi karibu na nyumba, mahali ambapo mama anamwona, na hupanda kwa daraja mpaka siku atakapoachiwa madume aende nayo malishoni. Kwetu Visiwani mtoto wa mvuvi hashiki usukani wa jahazi. Huanza na kidau katika maji ya magoti, akipiga pondo, na akipinduka husimama kwa miguu yake na kucheka. Hata chuoni, mwalimu hamwanzishii mtoto sura ndefu. Humwanzishia Juzuu Amma, tena kutoka mwisho, kwa zile fupi. Basi kwa nini katika chombo cha kuendesha tumekuja kuiacha hekima hii na kuanza na jahazi?

Kwa hiyo jibu letu ni kwamba chombo cha kwanza cha mtoto katika uwanda wa kati ni baiskeli. Lakini si baiskeli yoyote, bali baiskeli ya kimo chake cha leo. Hapa tunaomba turuhusiwe kueleza kwa urefu, maana ndipo mzazi anapopotea dukani.

Baiskeli za watoto hupimwa kwa kipenyo cha gurudumu. Lile la inchi 12 ni la mtoto wa miaka mitatu au minne. La inchi 16 ni la miaka mitano au sita; la inchi 20 la miaka saba mpaka tisa; na la inchi 24 la miaka tisa au kumi na kuendelea, kabla hajafikia la inchi 26 la mtu mzima. Hata hivyo umri hudanganya, kwani watoto wa miaka minane wawili wanaweza kupishana kwa shubiri nzima. Kipimo cha kweli ni mguu. Msimamishe mtoto bila ya viatu, mgongo ukutani, uweke daftari katikati ya mapaja yake, upime kutoka hapo mpaka chini. Kisha nenda na kipimo hicho dukani pamoja na mtoto mwenyewe. Akisimama huku ameipanda baiskeli mbele ya kiti, nyayo zote mbili ziwe chini na chuma cha juu cha fremu kisimguse. Akikaa kitini, kwa miezi ya mwanzo, nyayo zote mbili zifike chini pia. Akizoea, kiti kitapandishwa kidogo kidogo. Kiti hicho na usukani ndivyo vinavyoruhusiwa kukuzwa. Fremu haikui.

La pili ni breki. Wengi wetu tulijifunza kwa Swala au Phoenix za baba zetu, mguu mmoja umepitishwa chini ya chuma cha juu, mwili umepinda upande mmoja kama jahazi lililolemewa na upepo, na makovu tunayo mpaka leo. Baiskeli zile ni za heshima, zimelibeba taifa hili na magunia yake. Lakini breki zake za vyuma zilitengenezwa kwa kiganja cha mwanamume mkulima, na rimu zikilowa hata kiganja hicho hakitoshi. Mkono wa mtoto unataka breki ambayo vidole viwili vinaifikia na kuibana bila ya kuachia usukani. Kwa mtoto mdogo zaidi ni bora ile breki iliyo ndani ya gurudumu la nyuma, ambayo hufunga anapokanyaga pedali kurudi nyuma, kwa sababu mguu wa mtoto una nguvu kabla ya kiganja chake.

La tatu ni yale magurudumu mawili madogo ya pembeni, ambayo wenye maduka huyasifu sana. Kwenye sakafu ya saruji hayana ubaya. Lakini katika ardhi ya mabonde na vichuguu hukanyaga juu na kulinyanyua gurudumu la nyuma hewani, na gurudumu lililo hewani halina breki. Afadhali yatolewe, na pedali nazo zitolewe kwa wiki mbili tatu, kiti kishushwe, mtoto ajisukume kwa miguu yake mahali tambarare. Akiweza kuinua miguu yote miwili na kwenda hatua kumi bila ya kuyumba, zirudishwe pedali. Fundi yeyote wa baiskeli atafanya kazi hiyo kwa spana moja.

Tairi ziwe pana na zenye meno, kwa sababu kichanga cha makorongo ya Dodoma huishika tairi nyembamba na kumtupa mwendeshaji mbele. Gia nyingi hazina faida kwa mwanafunzi. Huharibika upesi kwa vumbi, na humfanya mtoto aangalie mkono wake badala ya njia. Baiskeli iwe nyepesi kadiri mfuko unavyoruhusu. Mtoto ainyanyue mwenyewe kutoka chini. Asipoweza, hiyo si yake. Na kwa kuwa wengi wetu Visiwani hununua mitumba inayotoka ng'ambo, jambo ambalo halina aibu yoyote, tunashauri fundi aangalie uma wa mbele kama una ufa au umepinda, azungushe magurudumu aone kama yanayumba, na abadilishe waya za breki hata zikionekana nzima. Chumvi ya bahari huwa imekwisha kuzila kwa ndani. Baiskeli iliyokaa Unguja miaka mitatu na kuletwa Dodoma kwa lori ni lazima ikaguliwe upya.

Sasa tuseme kidogo juu ya ardhi yenyewe, maana mgeni wa Kisiwani haijui. Dodoma iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake, ambayo kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka, hunyesha karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Kwa miezi mingine makorongo huwa makavu, nayo ndiyo viwanja vizuri kuliko vyote machoni pa mtoto. Hatari yake huja na mvua. Maji yanayoshuka korongoni huenda yametokana na mvua iliyonyesha mbali, hali mahali alipo mtoto jua linawaka. Hufika kwa ghafla, na kina chake hakipimiki kwa macho. Sisi tuliozaliwa visiwani tunajua kusoma maji kujaa na maji kupwa, lakini maji haya hayana ratiba. Kanuni iwe moja: kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Aprili mtoto haendeshi korongoni, hata kama hapakunyesha wiki nzima. Kingo za makorongo nazo hubomoka baada ya mvua, na njia iliyokuwapo Novemba isitegemewe Mei.

Miezi ya Juni mpaka Septemba ni ya baridi, ukavu na upepo, na ndiyo ya kuendesha. Lakini ni miezi ya mbigili pia. Hakuna tairi iliyoshinda mbigili wa Dodoma, na mtoto asiyejua kuziba tyubu atarudi kwa miguu jua likizama. Apewe pampu, viraka na gundi siku ile ile anayopewa baiskeli, na afundishwe kuvitumia kabla hajaruhusiwa kwenda mbali kuliko sauti ya mama yake. Apewe na chupa ya maji.

Wazee wa Kondoa wangetukumbusha jambo jingine hapa. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa jina la HADO, kwa sababu ardhi ya mkoa huu ilikuwa inamomonyoka na kwenda zake. Na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256 la milima ya Irangi ili majani yapate kuota tena. Watu walitoa makumi ya maelfu ya wanyama wao kwa ajili ya udongo. Si haki leo udongo huo uchimbwe upya na matairi ya injini kwa ajili ya mchezo wa jioni.

Kuhusu kofia ngumu, tunasikitika kuona kwamba jina hili limewachanganya wananchi. Wapo wanaomvisha mtoto kofia ya mjengoni, ile ya plastiki ya manjano, wakadhani wamemkinga. Hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya tofali linaloanguka kutoka juu. Kichwa kikipiga ardhi kwa upande huwa imekwisha kuruka. Ile ya pikipiki ya mtu mzima nayo ni nzito kwa shingo ya mtoto, na huzunguka mpaka ikamziba macho. Anayoitaka ni kofia ya baiskeli ya kipimo cha kichwa chake, inayokaa vidole viwili juu ya nyusi, mkanda wake umefungwa chini ya kidevu kwa nafasi ya kidole kimoja au viwili tu. Ikipata kipigo kikubwa mara moja haifai tena, hata ikiwa haina ufa unaoonekana. Kofia ya viua ivuliwe iwekwe mfukoni. Na kwa mtoto wa kike ushungi uwe mwepesi, usiofungwa fundo nyuma.

Tumemtaja mtoto wa kike kwa makusudi. Tumesikia hoja nyingi kwamba baiskeli haimpasi, na hatujasikia hata moja iliyotutosheleza. Tangu shule za sekondari za kata zilipoanza kuenezwa kwa mpango wa mwaka 2004, wasichana wengi wa vijiji vya uwanda huu wamepata shule, lakini shule hiyo iko mbali na nyumbani, na njiani hawatembei peke yao na vitabu tu. Hutembea na hofu, na wengine hupanda pikipiki za watu wanaowalipia kwa njia tusiyopenda kuitaja. Msichana aliyejifunza baiskeli akiwa na miaka minane hahitaji hisani ya mtu akiwa na miaka kumi na minne. Achaguliwe fremu ambayo chuma chake cha juu kimeinama, na mnyororo uwe na kifuniko kizima ili sketi au baibui lisinaswe. Haya ni mambo ya fundi na mshonaji, nayo yana ufumbuzi.

Tunawageukia sasa viongozi. Shirika la Viwango Tanzania na Taasisi ya Viwango Zanzibar zina kazi bandarini na madukani. Tunaomba pikipiki za petroli zinazouzwa kama vitu vya kuchezea zisipite bila kukaguliwa breki zake, kidhibiti cha mwendo na maandishi ya umri. Na maandishi hayo yawe ya Kiswahili, yabandikwe mahali panapoonekana na si ndani ya boksi. Kofia za watoto za ukubwa sahihi ni adimu, na inafaa Wizara zinazohusika, za pande zote mbili za Muungano, ziangalie ni kitu gani kinachozifanya ziwe adimu na ghali. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kwa Bara na ile ya mwaka 2011 kwa Zanzibar zote humhesabu mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18 na kuwataka wakubwa wamlinde na madhara. Hatuoni kwamba madhara hayo yanaishia mlangoni mwa duka.

Kwa Jiji la Dodoma tuna ombi mahsusi. Mpango wa kwanza wa mji mkuu huu, uliokamilishwa mwaka 1976 kwa msaada wa wataalamu kutoka Kanada, haukuchorwa kwa ajili ya magari. Ulichorwa kwa ajili ya mtu anayetembea, anayepanda baiskeli na anayepanda basi, na ndani yake zilikuwamo njia za miguu na za baiskeli zilizotengwa na barabara za magari, zikiunganisha makazi na shule na masoko. Walioupanga walijua kwamba nchi ya wakulima haiwezi kujenga mji wa wenye motokaa. Baadaye fedha zilikosekana, mji ukakua kwa namna yake, na sasa upo mpango mwingine wa mwaka 2019 hadi 2039, na barabara ya mzunguko wa nje yenye urefu wa kilomita 112.3 ilipangwa kupita katika vijiji ambavyo jana vilikuwa malisho. Barabara hiyo inakatiza njia za watoto katika mahali pengi.

Wabunge wa majimbo hamsini ya Visiwani hukaa Dodoma kwa majuma mengi kila mwaka wakati wa kupitisha bajeti, na baadhi yao huja na watoto wao likizo inapofunguka mwezi wa Juni. Tunawaomba, pamoja na wenzao wa Bara, waitishe ramani ya mwaka 1976 na ramani ya sasa, waziweke mezani pamoja, na kuwauliza wahandisi ni njia zipi kati ya zile za baiskeli ambazo bado zina nafasi ya kujengwa kabla viwanja havijagawiwa, na ni wapi chini ya barabara ya mzunguko patawekwa vivuko ambavyo mtoto wa Veyula au wa Ihumwa anaweza kupita na baiskeli yake kwenda shule.